Acheni nyasi zioze kwanza

Kuna mfuko mmoja ndani ya friji yetu ya maabara ambao umeshanigombanisha na watu. Umefungwa mara mbili, umeandikwa USIFUNGUE kwa wino mzito, na bado kila anayefungua mlango anakunja pua. Ndani mna majani ya nyasi za baharini, mengine ya kahawia, mengine meusi kabisa, yamelowa maji ya chumvi na yana utelezi. Mwenzangu mmoja alinibandikia karatasi pale mlangoni: "Kaka, takataka zina pipa lake." Nimeiacha hapohapo. Takataka hizo zina mafuta ya omega-3, na nitaeleza yanatoka wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi za baharini zinavyo vyote: mizizi, mashina yanayotambaa chini ya mchanga, mishipa ya kupitisha maji, maua, mbegu. Nyingi zinachavushana humohumo majini. Mababu zao walikuwa mimea ya nchi kavu, wakarudi baharini mamilioni ya miaka iliyopita, na leo zimebaki aina 70 hivi dunia nzima. Habari hii ya ukoo inanihusu mimi moja kwa moja, kwa sababu zilipoingia baharini ziliingia na selulosi na lignini zao, vitu vinavyoupa mmea ukakamavu, kisha zikaongeza vitu ambavyo mimea mingi ya nchi kavu haina: pektini, gundi ya kuta za seli, iliyosheheni sukari adimu iitwayo apiosi, na fenoli, kemikali za kujikinga, zilizofungwa na salfati. Kwa kijidudu chenye njaa huo ni mlo wenye mifupa. Anayeumaliza lazima awe na vifaa, na vifaa hivyo ndivyo ninavyovitafuta.

Kasa wa kijani hula nyasi hizi mbichi, nguva vilevile, na samaki kadhaa. Lakini sehemu kubwa ya majani hufa bila kuguswa na jino la mtu yeyote, yakakatika, yakazama au yakasukumwa ufukweni. Walaji wake wakubwa ni wale wasioonekana kwa macho.

Shika jani moja la Zostera, mojawapo ya nyasi hizi, lililokaa majini muda, ulitazame kwenye mwanga. Jani hili hukua kutokea chini, kwa hiyo ncha ndiyo mzee na kitako ndicho kijana. Kitakoni bado kuna ukijani. Ukipanda juu kidogo unakuta kahawia yenye madoadoa, kisha utando mwembamba mweupe unaoteleza kidoleni. Nchani limekuwa jeusi na laini, na ukilibana linaachana nyuzinyuzi, maana kila kilichokuwa katikati ya nyuzi kimeshaliwa. Jani moja tu, na umri wote wa uozo umepangwa humo kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo silisagi lote kwa pamoja. Nalikata vipande kwa mkasi uliopitishwa kwenye moto, kila kipande na chupa yake, kila chupa na jina la hatua yake. Wanaosaga jani zima wanachanganya jamii ambazo hazijawahi kukutana, kisha wanashangaa kwa nini sahani zao za kuoteshea vijidudu zimejaa aina ileile moja yenye mbio.

Uozo una zamu. Jani likishakatika, vile vinavyoyeyuka hutoka vyenyewe: sukari, asidi amino, sehemu ya fenoli. Bakteria wepesi hufurika, wanakula cha bure, wanazaana, wanajaza sahani usiku mmoja. Sina shida nao ila hawaniambii kitu. Wakishamaliza cha bure ndipo wanaingia wale wanaojua kutoboa kuta za seli. Mwisho kabisa wanabaki na nyuzi zao kuvu wa baharini na bakteria wa polepole, watu wa subira, ambao ukitupa sahani mapema hutawaona kamwe.

Zamu hii haianzi mpaka mmea wenyewe uruhusu. Ukiwa hai unajilinda vikali. Zostera marina hutengeneza asidi ya zosteriki, kemikali inayozuia viumbe wasijibandike juu ya jani, na watafiti wameitazama kwa muda mrefu kama kiungo cha rangi za kuzuia magugu kwenye matumbo ya meli bila kutia sumu za metali baharini. Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Mwaka 2022 kundi la Taasisi ya Max Planck ya Mikrobiolojia ya Bahari, iliyoko Bremen, Ujerumani, lilionyesha kwamba chini ya malisho ya Posidonia oceanica katika Bahari ya Mediterania mchanga umejaa sukari ya kawaida, sukrosi, kwa kiwango cha angalau mara 80 ya kile kilichowahi kupimwa baharini kabla ya hapo. Kwa dunia nzima walikadiria kati ya tani 600,000 na tani milioni 1.3 zimelala chini ya nyasi. Sukari! Katika mchanga uliojaa bakteria wenye njaa! Sababu ya kutoliwa ni fenoli ambazo mmea huzimwaga hapohapo pamoja na sukari. Zinawafunga mdomo wengi wa wale vijidudu. Fenoli zikiondolewa, sukari inaliwa.

Kwa hiyo anayeweza kula akiwa amezungukwa na fenoli si kijidudu cha kawaida. Ama anaivunja ile sumu, ama anaisukuma nje ya seli, ama ana njia nyingine kabisa. Jani linalooza ndilo shule ya hawa.

Sasa nije kwa niwapendao, maana hapa ndipo penye mali.

Thraustokitridi si bakteria, si kuvu, na si mwani, ingawa vitabu vya zamani viliwapanga pamoja na kuvu. Ni viumbe vya seli moja, vya mviringo, visivyo na rangi ya kijani, vinavyoishi juu ya majani yanayooza ya mikoko na ya nyasi za baharini. Kila seli hutoa utando wa nyuzi laini sana ambao huenea juu ya chakula na kupenya ndani yake, vimeng'enya, yaani protini zinazovunja chakula, vikapitia humo. Kuwapata si kazi ya mashine ghali. Unaweka kipande cha jani kwenye sahani yenye maji ya bahari yaliyochemshwa yakapoa, unatia penisilini na streptomaisini kidogo kuwanyamazisha bakteria, kisha unanyunyiza juu yake chavua ya msonobari iliyochemshwa. Chavua inaelea. Unafunika, unaondoka.

Baada ya siku chache unavuta chembe chache za ile chavua kwa bomba jembamba, unaziweka chini ya hadubini. Chembe ya msonobari huwezi kuikosea: ina mwili katikati na vifuko viwili vya hewa pembeni. Ukiona imezungukwa na vitone vya mviringo vilivyong'ang'ania ukingoni, vingine vikubwa na vimegawanyika ndani, usiondoe jicho. Kitone kimoja kinatetemeka, kinapasuka, na humo wanatoka vijana wenye mikia miwili, wanaogelea huku na huko kutafuta chembe nyingine. Nimeona mara nyingi na bado naita watu waje waone. Yule mwenzangu wa karatasi mlangoni alikuja pia, akainamia hadubini muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akasema tu, "Haya, Kaka," akaondoka.

Ndani ya zile seli, ukitia rangi inayoshika mafuta iitwayo Nile na kuangaza kwa mwanga unaofaa, utaona matone ya manjano yanawaka. Hayo ndiyo mafuta. Katika mafungu ya viwandani, yaani aina zilizochaguliwa na kukuzwa, ya Schizochytrium, ambaye ni wa ukoo huu, mafuta yanaweza kupita nusu ya uzito mkavu wa seli, na zaidi ya theluthi ya asidi za mafuta hayo ni DHA, ile omega-3 yenye kaboni 22 na vifungo maradufu 6 ambayo ubongo na retina ya jicho vimejaa nayo. Tumezoea kuambiwa tule samaki ili tuipate. Ni kweli, lakini samaki wengi wa baharini wenyewe hawaitengenezi kwa kiasi cha kutosha. Wanaikusanya kutoka kwa mawindo yao, ambayo nayo yaliitoa chini zaidi, kwa vijidudu. Mafuta ya Schizochytrium yanauzwa kwa ajili ya vidonge vya asiyekula samaki na maziwa ya unga ya watoto wachanga, na yanalishwa samaki wa kufugwa ili tusivue samaki wadogo kwa ajili ya kuwalisha wakubwa. Hii si ndoto ya maabara. Ni bidhaa iliyo madukani.

Namna wanavyoitengeneza nayo ina utamu wake. Viumbe wengi huunda asidi hizi kwa kurefusha mnyororo na kuongeza vifungo maradufu kimoja kimoja, kazi inayohitaji oksijeni. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba Schizochytrium ana kimeng'enya kikubwa cha sehemu nyingi kinachojenga mnyororo tangu mwanzo hadi mwisho bila kutegemea oksijeni kwa vile vifungo, kwa utaratibu unaofanana na ule ambao bakteria hutengenezea antibiotiki kadhaa. Sidai kwamba uozo wenye oksijeni kidogo ndio uliowapa uwezo huo. Nasema tu kwamba nikiwa nimeinamia mfuko wangu hilo hunipita akilini.

Ndugu zao Aurantiochytrium hutoa pia skwalini, mafuta ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakikamuliwa kutoka maini ya papa kwa ajili ya vipodozi na baadhi ya chanjo. Wengine hutoa rangi za karotenoidi, ikiwemo astazanthini, ile inayofanya nyama ya samoni iwe ya waridi. Nikipata sahani yenye vidoa vya rangi ya chungwa huwa naipa kipaumbele hata kabla ya kupima chochote.

Ukoo huu una mtoto mtukutu, na ni haki nimtaje. Labyrinthula zosterae hasubiri jani life. Humshambulia Zostera akiwa hai na kumwachia mabaka meusi. Katika miaka ya 1930 ugonjwa huo wa kunyauka ulifagia nyasi za pwani za Atlantiki ya Kaskazini, sehemu nyingine zikapoteza hadi asilimia 90. Kwa hiyo ukitoa kijidudu kutoka jani lenye madoa, usikimwage baharini kokote. Chemsha kwanza, kisha mwaga.

Vimeng'enya navyo nitavipitia haraka, si kwa kuvidharau bali kwa sababu kazi yake inaonekana kwa macho na haihitaji maneno mengi. Sahani zetu za kuoteshea zimegandishwa kwa aga, na aga inatoka kwenye mwani mwekundu. Baadhi ya bakteria wa majani yaliyooza wakiwekwa juu yake hawasubiri chakula ulichowachanganyia, wanakula sahani yenyewe. Asubuhi unakuta koloni, lile kundi la bakteria lililoota pamoja, limezama ndani ya kishimo, na ukiinamisha sahani kuna kimaji kinatembea humo. Kwa walaji wa selulosi unamwaga rangi nyekundu ya Kongo, unasuuza kwa maji ya chumvi, na mahali palipoliwa panabaki duara jeupe kuzunguka koloni. Duara pana, kimeng'enya kingi au chenye nguvu. Vimeng'enya vya namna hii vilizaliwa kwenye chumvi, kwa hiyo vingi havifi moyo vikikutana na chumvi ya kiwandani, iwe kwenye sabuni, kwenye nguo au kwenye kuvunja mabaki ya mimea kuwa sukari ya kutengenezea nishati.

Mfano ulio maarufu zaidi haukutoka kwenye nyasi za baharini zenyewe bali kwa jirani yake, majani yaliyooza ya Spartina, nyasi ya kwenye mabwawa ya chumvi ya Ghuba ya Chesapeake, Marekani. Bakteria huyo akaitwa Saccharophagus degradans. Jenomu yake, yaani jeni zake zote, ilipochapishwa mwaka 2008 ilieleza kwa nini kiumbe mmoja anaweza kula selulosi, aga, pektini, kitini na vingine vingi, aina zaidi ya 10 za sukari ndefu. Mimi kinachonisumbua ni ile pektini yenye apiosi. Ni sugu, imejaa kwenye Zostera, na wanaoijua njia ya kuivunja bado ni wachache kwenye mikusanyo ya vijidudu. Hapo pana nafasi.

Antibiotiki nimeziacha nyuma makusudi. Kila anayesikia ninachofanya anauliza kwanza kama nimepata dawa mpya, na kila ombi la fedha linaandikwa kana kwamba dawa mpya iko kwenye mfuko wa pili kutoka kushoto.

Matumaini yenyewe yana msingi. Mwaka 1943 Albert Schatz, akiwa katika maabara ya Selman Waksman, alitoa streptomaisini kutoka kwa Streptomyces, bakteria wa udongoni. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu alichota maji karibu na mdomo wa bomba la maji machafu huko Cagliari, kisiwani Sardinia, akapata kuvu aliyetupatia sefalosporini, kundi la dawa ambalo hospitali haziwezi kuishi bila hilo. Jamaa wa Streptomyces wapo kwenye majani yaliyooza na kwenye matope chini yake. Unawatambua mara moja: koloni gumu, kavu, lenye unga wa chaki juu, lililojikita ndani ya aga kiasi kwamba sindano inateleza, na harufu ya ardhi iliyopata mvua.

Lakini kumpata anayeua bakteria wengine ni rahisi. Kumpata anayeua kwa njia mpya ndiyo kazi. Makadirio yanayotumika katika fani hii ni kwamba mmoja kati ya kila aktinobakteria 10 (kundi la akina Streptomyces) wa udongoni hutoa streptothrisini, na mmoja kati ya 100 hutoa streptomaisini. Maana yake duara zuri la bakteria waliouawa kuzunguka koloni, ulilolishangilia Jumatatu, lina nafasi kubwa ya kuwa kitu kilichoandikwa kabla hujazaliwa. Ndiyo maana siku hizi tunapeleka dondoo kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli mapema kabisa, kabla ya kumpa mtu yeyote habari njema.

Bahari imewahi kutoa kipya kweli. Kundi la Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari huko California, lilimpata Salinispora kwenye matope ya bahari ya tropiki, aktinobakteria asiyeota mpaka awekewe maji ya bahari, na mwaka 2003 likatangaza salinosporamaidi A, kemikali inayoziba proteasomu, mtambo wa seli wa kusagia protini zilizochakaa. Ilipanda ngazi hadi majaribio ya hatua ya 3 kwa wagonjwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, na haikurefusha maisha yao. Kemikali nzuri, mpya, yenye kazi inayoeleweka, na bado njia ikakatika. Nikilinganisha na mafuta ya Schizochytrium, ambayo hayahitaji kumponya mtu bali kuwa mengi na safi tu, najua pa kuweka miezi yangu.

Antibiotiki sijazikataa kabisa. Jenomu ya Streptomyces coelicolor ilipofunguliwa mwaka 2002 ilionekana ana makundi zaidi ya 20 ya jeni za kutengenezea kemikali za namna hii, wakati zilizojulikana kwake zilikuwa chache sana. Nyingi zimelala. Akiwa peke yake kwenye chakula kinono hana sababu ya kuziamsha. Namna moja ya kuziamsha ni kumlisha umaskini: chakula chepesi, maji ya bahari, na supu ya jani lenyewe lililosagwa na kuchujwa, fenoli zake zikiwemo. Namna nyingine ni kumwekea jirani kutoka kipande kilekile cha jani. Hapo ndipo kule kukata vipande kwa hatua kunapolipa, kwa sababu unajua nani alikuwa jirani ya nani.

Mambo mawili kwa anayetaka kujaribu. La kwanza ni hewa. Ndani ya rundo la majani oksijeni huisha haraka, na maji ya bahari yana salfati tele, kwa hiyo bakteria wanaoipumua hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Kwa kiasi kikubwa inaua, na kabla ya kuua huzima pua isiinuse tena. Mwaka 2009 huko Brittany, Ufaransa, farasi alikufa ufukweni kwenye mwani wa kijani uliokuwa ukioza. Usifungue mfuko wa zamani ndani ya chumba kidogo, na usichimbue rundo kubwa ukiwa peke yako.

La pili ni kibali. Tangu Itifaki ya Nagoya ianze kutumika mwaka 2014, nchi nyingi zina utaratibu wa nani anaruhusiwa kuchukua kijidudu na faida igawanywe vipi kikizaa bidhaa. Shughulikia karatasi kabla ya kuchota, kwa sababu kampuni haitanunua kitu kisicho na cheti cha kilikotoka. Na chota kidogo. Kiganja kimoja cha majani kinatosha kwa miezi ya kazi. Yale marundo makubwa yaache, maana yanazuia mawimbi yasile ufukwe, na kijidudu ukishakitenga kinakua kwenye tangi, huhitaji tena nyasi.

Ukishapata fungu safi, lihifadhi siku hiyohiyo kwenye gliseroli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, vichupa kadhaa, vikae kwenye majokofu mawili tofauti. Thraustokitridi wanaohamishwa kutoka sahani hadi sahani kwa muda mrefu huweza kupunguza mafuta. Kwenye kila kichupa andika mmea gani, kipande gani cha jani, rangi yake, chumvi ya maji na joto lake. Mimi naongeza na harufu.